Panapovuja

Huu mwezi wa tatu nakimbizana na hewa.
Bomba nililipata kwa Ndahani, fundi wa friji pale Majengo;
alinipunja bei, kisha akanionea huruma akaongeza geji
ya mtungi wa kuzimia moto uliokufa zamani,
kioo kina ufa, mshale wake una wasiwasi.
Kitako ni mninga, mabaki ya kitanda
cha mteja aliyehama bila kulipa.
Nimekipiga msasa hadi nzi akitua anateleza.

Sechelela anauliza, Itaua nini?
Haiui, namwambia. Inatoboa kifuniko cha kopo.
Miezi mitatu, anasema, kutafuta kitu cha kutoboa kopo,
na msumari upo.
Sina jibu. Nachukua sabuni.

Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo, sabuni.
Unapampu mpaka mgongo unalia, jasho linaingia machoni.
Nje upepo wa Dodoma unapita bure, mwingi, hauna mwenyewe,
unabeba mifuko na vumbi la Chang'ombe nzima,
nami humu ndani nagombania kijiko chake kimoja.
Halafu unapaka povu kwenye kila kiungo,
unainamisha sikio, unatulia.
Pfff. Ssss.
Panapovuja panajisema penyewe:
kipovu kimoja, kidogo kama jicho la dagaa,
kinavimba, kinapasuka,
kinavimba.

Nilibadili mpira wa valvu, ukavuja.
Nikakata washa kwenye kandambili, ikavuja.
Nikakata nyingine kwenye ngozi ya mbuzi,
nikailoweka mafuta ya alizeti usiku kucha;
ilishika siku mbili, panya akaja akaila.

Mwenyekiti wa mtaa naye akaja, mikono nyuma.
Mbukwa, akasema, macho yako kwenye bomba.
Hiyo ni silaha au ni pampu?
Bado haijaamua, nikamjibu.
Hakucheka. Akaandika neno kwenye daftari lake,
akanituma kituoni nikaulize habari za kibali.
Askari akauliza inapiga hatua ngapi.
Sifuri, afande.
Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu
aliyekuja kusajili ng'ombe ambaye hajazaliwa.

Sikumwambia Sechelela jambo hili,
labda kwa sababu sikulijua mpaka nilipoinama:
baba alichimba dhahabu Sekenke,
akarudi na kibati cha tumbaku na kifua cha vumbi la mawe.
Usiku tulimsikia kupitia ukuta wa tembe,
pfff, ssss,
kinavimba, kinapasuka.
Mama alimkanda, alimfukiza majani,
alimpeleka Mvumi kwa baiskeli ya kuazima,
na hakuna aliyeweza kuweka kidole akasema, ni hapa.
Kifua cha mtu hakipakwi sabuni.

Basi.

Jana nilipachika washa ya mwisho,
nimeikata kwenye mpira wa tairi la trekta, nene, nyeusi, kaidi.
Nikapampu mpaka mshale ukafika kwenye ufa,
nikachora mstari kwa kalamu palepale uliposimama,
nikafunga banda, nikaenda kulala. Sikulala.

Alfajiri nimefungua mlango.
Mshale uko juu ya mstari.
Nimegonga kioo kwa ukucha, nikidhani umekwama.
Umetikisika, umerudi juu ya mstari.

Nimemwita Sechelela. Amekuja na mikono ya unga,
ametazama geji, amenitazama mimi.
Ndiyo hivyo tu?
Ndiyo hivyo tu.
Kifuniko kiko ukutani, kizima, kinang'aa,
na watoto wa jirani wameshapanga mstari
wakisubiri mlio.
Lakini yeye ameinama, hata sikumwomba,
ameweka sikio kwenye bomba la baridi,
unga umebaki juu yake kama alama ya shavu.
Amesikiliza muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Hakuna kitu, amesema.

Rudia, nimemwambia.