Kisanduku cha Bulengo

Bondeni, nyuma ya nyumba ya Mama Kavugho,
hakuna nyoka, hakuna shimo, hakuna harufu.
Kuna makoro meusi, majani mabichi kupita kiasi,
na mbuzi wawili waliolala Jumanne wasiamke.
Mazuku, watu walisema,
wakahamisha kamba ya kuanikia nguo
hatua sita juu. Basi.

Mimi ni fundi wa simu, Birere.
Nilinunua kipimo cha hewa kwa Ombeni,
dola ishirini na tano na maneno mengi,
nikakifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kibao cha jua juu, ubongo chini,
ubongo usiozidi kiberiti.
Lugha yake ni ya chatu: haina kelele,
ila inataka kila mstari ujue mahali pake.
Nafasi nne, mstari umeingia ndani ya mwenzake;
nafasi tatu, chatu anakataa kumeza.
Usiku kucha nikaitafuta nafasi moja iliyopotea
kwa mwanga wa simu, umeme umeshajiendea Katindo.

Kulipokucha ilisomeka hivi:

maadamu ni kweli:
    vuta hewa
    pima
    kama imepita elfu tano:
        piga honi, mwamshe Mama Kavugho
    lala dakika moja

Siku ya kwanza honi ililia alfajiri.
Mama alitoka na kitenge begani, akawarudisha watoto.
Siku ya pili ikalia. Ya tano ikalia kidogo,
kama mtu aliyekumbuka jambo akaliacha.
Ya nane, kimya.
Mia nne, kilisema kisanduku. Safi. Mia nne.
Nikawanunulia jirani wote chai, mjinga mimi.

Halafu Mumbere, miaka tisa, akaja dukani
na kifaranga kilichokakamaa, amekishika miguu.
Nimekiokota chini ya kopo lako, alisema.
Sasa kopo lako linalinda nini?

Nilisoma upya karatasi ya kiwanda, maandishi ya sisimizi:
kila siku kipimo hutafuta hewa nyepesi kuliko zote kilizoonja,
nayo huiita safi, huanza kuhesabu hapo.
Walikitengenezea ofisi, mahali pa kufungua madirisha.
Bondeni hakukuwa na dirisha.
Kilionja ubaya usiku, kikaonja ubaya mchana,
kikachagua ubaya mdogo, kikauita nyumbani.

Sikukilaumu.
Jiko letu tulilijenga juu ya lava ingali vuguvugu,
na mlima ukiwa mwekundu usiku
mimi hugeuza mto, nikalala upande wa pili.
Nikiulizwa habari za Goma, hujibu: tuko tu.

Mstari mmoja ulitosha. Zima mazoea.
Ila kilikuwa kimeshasahau, ilibidi kikumbushwe:
nikakipakia kwenye chukudu, Mumbere akisukuma,
hadi juu penye upepo wa ziwa,
tukakiacha dakika ishirini kionje hewa yenyewe.
Sisi pia tulionja. Hatukusema kitu.

Jioni nikashuka nacho bondeni.
Honi ililia kabla sijamaliza kukaza waya.
Fundi! aliita Mama Kavugho kutoka juu,
unasikiliza nini hapo? Panda!

Nikapanda.