Tarumbeta Lenye Kitambi

Siku wenzangu walipochagua ala
nilikuwa kitandani, tetekuwanga mwili mzima.
Niliporudi, filimbi zimekwisha, fidla zimekwisha,
limebaki tuba, tarumbeta lenye kitambi,
likanitazama kama mjomba asiye na pa kulala.

Kemijärvi, Januari:
jua huchungulia mara moja likaenda zake.
Nalikokota tuba ndani ya beseni la kufulia,
theluji ikilia kwacha, kwacha,
mbwa wa jirani hajui abweke lipi.

Jana, kituoni, basi limechelewa,
nikasema nijaribu nota moja tu.
Chuma na baridi havina utani.
Midomo ikanata.
Nikabaki na tuba usoni, nalia kwa pua.

Eetu wa darasa la juu, yule wa masikio,
hakucheka.
(Alicheka, ila baadaye.)
Akafungua chupa yake ya kakao,
akamimina polepole,
mkono ukimtetemeka karibu na kidevu changu.

Mama kauliza: midomo imefanyaje?
Nikasema: baridi.
Ni kweli tupu, na bado nimeongopa.

Leo mazoezini mwalimu ananusa hewa:
nani anakula kakao darasani?
Napuliza kwa nguvu zaidi.
Sijaliosha. Silioshi.