Michenzani Kichwa Chini

Alhamisi Bi Rukia kaja darasani
na boksi la viatu, karatasi ya mafuta,
sindano ya kushonea kofia.

"Toboeni. Padogo tu. Mwanga mwembamba, utapita."

Machano, aliyetolewa nje juzi kwenye hesabu,
akajigubika kanga,
akaelekeza boksi dirishani.

Kimya.

Kisha: "Jamani! Majumba yananing'inia!
Nguo za ghorofa ya tano zaangukia mbinguni,
na muuza kashata yule, anatembea darini!"

Tukaligombania tundu.

Kengele. Bi Rukia kafunga mkoba,
ana skuli nyingine Kwahani.

Usiku Machano kamuuliza bibi yake:
"Jicho lako nalo ni tundu.
Nani basi anaugeuza mji
ukauona wima?"

Bibi kavua miwani,
akaifuta,
akaifuta tena.