Mivinje ya Barka

Desemba baba huitoa mivinje nyuma ya banda,
kumi na saba, kila mmoja ndani ya debe la samli.
"Sikukuu si yetu, miche ni yetu,"
asema, akimtafutia ulionyooka
Nanjala, nesi wa Rustaki.

Bibi Zuweina, mzawa wa Wete,
amtilia halua kiganjani, amsaili:
"Kwenu mwaupamba kwa nini?"
"Kwa pamba, bibi. Pamba ya hospitali."
Bibi akacheka hadi ukaya ukamteleza.

Mwaka huu Nanjala kahamishiwa Salala.
Mvinje wake upo, hauuzwi.
Baba huumwagilia mwenyewe, kabla hatujaamka,
na leo kileleni,
sijui mkono wa nani,
pamekaa donge la pamba
linanukia karafuu.