Nusu Saa ya Ijumaa

Jumatano tulitoka watatu kutafuta mahali pa picha:
mimi na kamera yangu, Swabra mwenye harusi,
na shangazi yake Mwanamkuu, mkononi karatasi ya daftari
aliyoorodhesha sehemu kama mtu anayetumwa sokoni.

Mwanzo, ngazi za Ngome.
Nikapima mwanga, nikasema panafaa.
Shangazi akautazama ule ukuta
kama mtu asiyeitikiwa salamu.
"Babu yako alifungwa humu miezi saba
kwa mbuzi ambaye hakumwiba.
Tukusimamishe hapo, ucheke?"
Akakata jina la Ngome kwa kalamu, mara mbili.

Kisha Mkomani, mlango wa nyumba ya bibi yake.
Nakshi zile naziota tangu nianze kazi hii.
Lakini nyumba imeuzwa. Mlinzi, kijana mpole,
akatutajia bei ya kusimama kizingitini saa moja.
Swabra akaweka kiganja juu ya ua la katikati,
pale ubao ulipolika kwa viganja vya kwao.
"Na kugusa," akauliza, "ni bei gani?"
Kijana akainama, akashughulika na funguo zake.

Dari la Bi Khamisa: matangi ya maji,
shuka zinazokauka,
na madirisha kumi na moja. Niliyahesabu.
La kumi na moja lilikuwa na mtu.

"Mui huu," shangazi akasema, akiketi apumue,
"una mato kushinda mawe."

Kweli.
Ndiyo maana mabibi harusi wote wa hapa
nimewapiga ndani, mbele ya pazia moja la rangi ya dhahabu
nililonunua Mombasa kwa mkopo.
Ukizipanga picha zao mezani utadhani
pazia ndilo lililoolewa mara arobaini.

Karatasi ilipojaa mikwaruzo, Swabra akaichukua,
akaigeuza upande mweupe.
"Tusichague mahali," akasema. "Tuchague saa."

Ijumaa, adhana ya adhuhuri.
Duka la vitambaa likashusha mlango nusu.
Wacheza dhumna wakaacha mchezo ulivyo,
mawe yao yameinama mezani, siri ya kila mtu mahali pake.
Kanzu zikapita, manukato yakapita, viatu vya watoto
vikakimbia nyuma ya baba zao,
halafu kimya.
Mtaa ukabaki wa paka, punda, na sisi.

Mwanga wa saa saba ni adui wa sura, kila mpiga picha ajua.
Lakini vichochoro vyetu ni vyembamba:
jua lilishuka kama utepe, likagonga ukuta wa kushoto,
likarudi laini upande wa pili,
juu ya baraza ambalo mwanamke wa mtaa huu
hupita akitazama ncha za viatu vyake.

Swabra akavua buibui, akampa shangazi.
Gauni la kijani, piko hadi viwikoni.
Akaketi. Si pembeni; katikati.
"Jiwe lina joto," akasema, akacheka kwa mshangao,
"wameliacha na joto lao."

Kando yake kikombe cha kahawa, mashapo bado mabichi.
Nilitaka kukiondoa. Nikakiacha.
Punda alipita peke yake, bila mzigo, hakutugeukia.
Shangazi, aliyekuwa akilinda pembe ya mtaa,
alisahau ulinzi. Nilimwona akijipangusa kwa ncha ya buibui
lisilokuwa lake.

Picha sita. Ya tano imetikisika:
kipaza sauti kilikuwa kimesema "Amin"
na mkono wangu ukaitikia.

Tulikuwa nyuma ya mlango wa jirani waliporudi.
Kupitia ufa nilimwona Bwana Famau, mwenye kikombe,
akija pale anapoketi siku zote.
Akaokota kitu juu ya jiwe: ushanga mmoja wa kijani.
Akautazama, akaurudisha palepale,
akasogea kidogo
na kuketi, kama mtu aliyekuta mwenzake ameshakaa.