Ukuta wa Acirocan

Nilijifunzia umri wa tope katika mji wa theluji,
jicho moja kwenye hadubini, mkononi brashi ya unywele mmoja,
nikiokota magamba ya wafu wadogo kuliko punje ya chumvi
na kuwalaza katika trei nyeusi yenye vyumba sitini,
wapangaji wasiodaiwa kodi.

Foraminifera: jina refu kuliko mwenyewe.
Ganda likijikunja kushoto, maji yalikuwa baridi.
Likijikunja kulia, vaa shati jepesi.
Huyu alitokea tabaka hili; yule, juu ya mstari huu, hayupo tena.
Ndivyo tope linavyotaja siku yake,
kwa aliyefika, na zaidi kwa asiyerudi.

Bahari nzima nimeijenga upya mara nne
na sijawahi kulowa kifundo cha mguu.

Nikarudi Panyimur siku ya soko.
Harufu ya muziri juani, vumbi la bodaboda,
na shangazi yangu Acirocan juu ya kreti ya soda
akiipaka nyumba kwa ajili ya kumaliza matanga ya mumewe.
Udongo mweupe wa korongoni, mwepesi kama povu lililokauka:
tia bonge lake kwenye ndoo, litafikiri kwanza, ndipo lizame.

"Msomi wa bahari, usome basi na huu."
"Shangazi, bahari haikufika hapa. Huu ni wa ziwa."
"Kwa hiyo hapa hujui kitu."

Nikatia chembe kwenye tone, tone kwenye kioo,
kioo chini ya hadubini ya safari, betri ikikaribia kukata roho.
Diatomu. Hawa si chokaa, ni kioo kitupu,
makopo yenye mifuniko, yaliyotobolewa kwa mpangilio
ambao sindano ya cherehani isingethubutu.
Akainama. Akanyamaza muda wa kuchemsha chai.
"Vikapu," akasema. "Nani alisuka?"

Nikamweleza nilichoweza.
Hawa wa duara huelea penye kina, wale wembamba hung'ang'ania matete.
Wa duara wamejaa. Basi kule korongoni,
unapochimba umeinama, ziwa lilisimama juu ya mgongo wako.
"Lini?"
Nikaitafuta kalenda yangu
nayo ilikuwa ya bahari, haina habari na bonde hili.
"Kabla yetu," nikasema,
jibu ambalo hata mbuzi wake angelitoa.

Alicheka hadi kreti ikayumba.
Akaniita penye kona nyuma ya mlango,
akakwangua kwa ukucha wa kidole gumba.
"Huu wa juu, ubatizo wa Wathum.
Huu, mwaka wa kipindupindu.
Huu mzito, tulipouza ng'ombe tukapata mabati."
Kisha mstari mweusi, mwembamba kama maandishi ya risiti.
"Na hapa?"
"Hapa wanajeshi walichoma. Tulikuwa Zaire."
"Miaka mingapi?"
"Ukuta haukupakwa. Sasa ungehesabu nini?"

Kule kwenye theluji tulikuwa na neno la mahali kama hapo,
mashapo yaliposita, au yalikuja yakachukuliwa.
Pengo, tuliandika,
tukachora mstari wa mawimbi, tukaenda kula.
Sikuwahi kuuliza nani alikuwa akiishi ng'ambo ya mstari,
wala alikula nini.

Chini ya masizi palikuwa na weupe mmoja zaidi.
"Na huo?"
Akautazama kama mtu anayetazama saini yake ya zamani.
"Huo nilikuwa bibi harusi. Mama mkwe amesimama nyuma yangu,
mkono unatetemeka. Ona ulivyopinda."

Nikaiona kweli: alama ya vidole vinne,
vyembamba kuliko vyake vya leo,
ikishuka, ikisita, ikishuka tena.
Nikatoa penseli nipime unene wa tabaka.

Akachovya mkono ndooni
akaifunika kona yote kwa kiganja kimoja.
"Ukiacha wazi," akasema, "mchwa wataingia."