Koki ya Nyumba Namba Kumi na Tisa

Mji huu mimi huusoma kwa viganja.
Bomba la Rosta likiwa moto, siku imeanza salama;
likiwa vuguvugu, basi Ginadi kasinzia tena tanurini
na wanawake wa ghorofa ya tano wameshashika simu.

Saa nne asubuhi, na bado ni usiku.
Desemba ya Murmansk haina mchana. Ikifika saa sita
rangi ya kucha iliyobanwa mlangoni
hujitokeza nyuma ya vilima upande wa kusini,
hukaa kidogo, huondoka bila kuaga.

Nalifuata bomba. Latoka pale meli zinapopasuliwa matumbo zikashonwa,
lapita nyuma ya shule, paka watano juu yake kama mikate,
lapanda na ngazi mia na kumi na mbili,
reli yake hung'ata mkono usio na glavu,
hadi majumba yaliyopakwa manjano na waridi
na mtu aliyedhani rangi hupasha joto.

Bandarini makaa ya mawe hupakiwa usiku na mchana,
kama tofauti ipo.
Upepo ukigeuka, theluji yetu hulala nyeupe ikaamka kijivu,
na Taisia huanua nepi za mjukuu
akizitukana kreni moja moja, kwa namba zake.

Lakini ghuba haigandi.
Wanasema ni mkondo wa bahari, umetoka kusini ya mbali,
umechoka,
ila umefika.

Leo nimepewa karatasi.
Ng'ambo, Abram-Mis, nyumba namba kumi na tisa:
wapangaji wamehamishwa, koki ifungwe.
Imebaki nafsi moja.
Ndivyo ilivyoandikwa, nafsi moja,
kana kwamba ofisi ilishindwa kuandika mtu.

Bahari ilifuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Kwenye kivuko mama mmoja alipakata keki ndani ya koti,
akanikazia macho njia nzima nisije nikamsukuma.

Yevlampi alifungua kabla sijabisha.
"Rufina binti Makari. Umekuja kuniua au kunywa chai?"
Nikasema, chai kwanza.

Vyumba vya jirani milango wazi,
barafu imeota ndevu kwenye karatasi za ukutani,
kiatu kimoja cha mtoto, kalenda iliyokoma Juni.
Chumbani kwake, juu ya chuma cha joto,
glavu za sufu za marehemu mkewe.
Akazigeuza, kama mtu ageuzaye samaki asiungue.
Hazijalowana miaka minne.
Sikuuliza. Alinitilia jamu ya matunda ya kinamasi,
vijiko viwili, cha tatu akakirudisha chupani
akafikiri, akakitoa tena.

"Kwa binti yako Apatiti kuna nafasi," nilimwambia.
"Ipo," akasema. "Na dirisha lake latazama ukuta.
Hapa nikizima taa nauona mji wote,
na mji nao, nikiiwasha, unaniona mimi."

Nikashuka chini ya nyumba na tochi.
Koki ilikuwa nzima. Niliipaka grisi mwenyewe mwezi wa nane;
ungeizungusha kwa kidole kimoja.
Nilisimama mkono juu ya bomba
nikisikia maji yakipanda kwa mtu mmoja,
ghorofa nne, njia yote ile, kwa mtu mmoja.

Kisha nikaandika, penseli ikikwaruza kwa baridi:
*Koki imeshika kutu. Haifungiki. Vifaa viagizwe.*
Njia ya mwongo ni fupi, najua.
Yangu yahitaji kufika Mei tu.

Kivuko cha kurudi kilikuwa kitupu.
Nyuma yetu kilima cheusi, na dirisha moja;
likazimika, likawaka, likazimika, likawaka.
Nikavua glavu. Kiganja kilikuwa bado na joto la nyumba ile,
nikakiweka shavuni,
upande uliokuwa ukipigwa na upepo.